Muhuri Kifuani

Pale machinjioni Kitale najulikana kama mkaguzi mzito. Wenye bucha wanasubiri, pikipiki zenye masanduku ya bati zimepangana langoni, nami bado nimesimama mbele ya ng'ombe aliyetundikwa, nimeshika wengu wake mkononi na kuugeuza huku na huku. Wachinjaji hunitania. "Daktari, kwani umepoteza pete huko ndani?" Nacheka nao. Halafu nachovya muhuri kwenye wino wa zambarau, nainua mkono, na mkono unakwama hewani. Kwa sekunde mbili tatu sioni ubavu wa ng'ombe. Naona kifua cha mtoto. Kisha napiga muhuri na kwenda kwa ng'ombe anayefuata.

Jambo hili lilianzia Lwakhakha, mpakani, na nitalieleza lilivyokuwa bila kujipamba.

Kwanza, mimi si daktari. Nina diploma ya afya ya mifugo na cheti cha kukagua nyama, lakini kuanzia Bungoma mpaka mpakani kila anayevaa koti jeupe na kushika ng'ombe ni daktari, na nilichoka kukanusha zamani. Wala si mtu wa Bungoma. Wazazi wangu walitoka Murang'a wakanunua kishamba nje ya Kitale kabla sijazaliwa. Nilikulia kwenye mahindi na baridi ya asubuhi, na majirani zetu Wabukusu niliwajua kama jirani anavyomjua jirani, yaani salamu, mbegu, misiba. Kwamba kila mwaka wa pili, Agosti ikifika, barabara zinajaa wavulana wanaopiga njuga na umati unaoimba nyuma yao, hilo nililijua tangu utotoni. Tulikuwa tunakimbilia kwenye ua kuwatazama.

Lwakhakha nilipelekwa kukagua chochote kilichotoka kwa mnyama na kutaka kuvuka daraja, kuingia Kenya kutoka Uganda. Ngozi mbichi zilizotiwa chumvi, maziwa kwenye mitungi, trei za mayai, kuku waliofungwa miguu, nyama. Kila mzigo ulitakiwa kuja na cheti cha afya kutoka upande wa pili, nami nililinganisha cheti na mzigo, nikanusa, nikashika, nikakata inapobidi, ndipo nikaruhusu au nikazuia. Lakini watu wa pale hawauoni huo mpaka. Shamba liko huku, shemeji yuko kule, kanisa huku, soko kule. Kuna mama mmoja aliniletea maini aliyoyaficha chini ya ndizi mbivu, akaniapia kwamba ni zawadi ya harusi, na alipoona nimeyashika akasema basi tugawane. Nilikuwa mkali, sikatai. Na nilipenda kuwa mkali, nilipenda kuona wanaume wazima wakifunua turubai kwa sababu tu nimenyoosha kidole.

Katika kazi yetu kuna sheria unayofundishwa siku ya kwanza. Hupigi muhuri nyama ya mnyama ambaye hukumwona. Unamwona angali hai, anatembea, anapumua, unampima joto. Akishachinjwa unaangalia damu kama imeganda, unaangalia wengu, maini, mapafu, tezi. Ukiridhika ndipo muhuri unagusa nyama. Kipande cha nyama peke yake, kilicholetwa na mtu kutoka asikojua mkaguzi, hakisemi lolote. Wanafunzi waliokuja kujifunza kazi kwangu niliwaambia hivyo huku nimewagongea meza.

Ulikuwa mwaka wa tohara. Siku moja kabla ya kisu, mvulana wa Kibukusu huenda kwa mjomba wake, ndugu wa mama. Mjomba humchinjia ng'ombe, hukata utepe wa nyama ya kidari na kumvika shingoni, uning'inie kifuani. Wao huuita luliki. Ni mjomba kusema mbele ya watu wote kwamba huyu ni damu yangu, namruhusu aende. Mvulana harudi nyumbani bila huo utepe, na hauvui njiani. Haya nayajua vizuri sasa. Siku ile nilijua nusu yake.

Asubuhi ya siku hiyo nilikunywa chai na mwenzangu wa upande wa Uganda, mkaguzi kama mimi, kama tulivyozoea. Aliniambia kuna ng'ombe wamekufa ghafla kwenye kilima cha pili kutoka mtoni, watatu au wanne, na damu imewatoka puani. Yeye alikuwa anafikiri ni kimeta lakini vipimo havijarudi na barua ya karantini haijatoka. "Uwe macho," akaniambia. Nikamwambia mimi macho yangu hayalali. Tukacheka, tukamaliza chai.

Kikundi cha tohara kilitokea darajani saa tisa alasiri. Nilikuwa nimeshawaona wengine wa namna hiyo wiki hiyo, lakini hao walikuwa wanatoka Kenya kwenda Kenya, wanapita tu barabarani. Hawa walikuwa wanatoka ng'ambo. Mbele yao alikuwa mvulana wa miaka kumi na minne hivi, kifua wazi, shanga zimepishana kifuani, njuga mikononi, na ule utepe wa nyama umening'inia mpaka karibu na kitovu. Nzi walimfuata. Pale shanga na nyama ziliposugua, ngozi yake ilikuwa imechubuka na kuwa nyekundu. Nikaliona hilo. Nimelirudia kuliona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Nikainua mkono. Wimbo ukakatika.

"Hiyo nyama ina kibali?"

Watu wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja wa makamo akasogea mbele, kitambaa cha kanisani kichwani, jasho linamtiririka kwa kucheza. Alikuwa shangazi wa mvulana, dada wa baba yake, ndiye aliyekuwa msimamizi wa safari.

"Daktari, hii si ya kuuza," akasema. "Hii ni ya mtoto. Ametoka kwa khocha yake, mjomba."

"Nyama ni nyama. Aivue niiangalie."

Kicheko kikaisha. Kisha shangazi akasema polepole, "Haitolewangi njiani, mama. Ikitoka saa hii, afadhali tungekaa tu nyumbani. Wewe si mtu wa hapa, si ndio? Turia basi, tutakueleza."

"Ati nyama ya khocha inashikwa kama magendo!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Serikali hii, bana!" Wakacheka tena, na safari hii walikuwa wananicheka mimi. Uso ukaniwaka moto.

Mvulana mwenyewe hakusema neno. Alikuwa ameambiwa asigeuke, asiongee na mtu, na alitii. Alitazama mbele moja kwa moja, juu ya kichwa changu. Lakini mkono wake mmoja ulikuwa umeinuka karibu na ule utepe, na nikajua anaogopa. Hakuwa ananiogopa mimi wala kisu cha kesho. Aliogopa kwamba nitamvua.

Swali lilikuwa mdomoni mwangu. Mjomba anakaa kilima gani? Sikuliuliza. Sikuliuliza kwa sababu nilijua wakisema kilima cha pili itanibidi nimvue, mbele ya umati ule, na nitabaki kuwa yule mwanamke Mkikuyu aliyemharibia mtoto wa watu tohara. Nilitaka kupendwa. Miaka yote pale daraja lilinipa heshima lakini halikunipa mtu wa kunikaribisha kwake, na siku ile, mbele ya wimbo ule, nilijisikia nimebaki nyuma ya ua kama zamani.

Nikasema, "Basi nitaiangalia hapo hapo ilipo."

Nikainama kifuani pake. Nikainusa nyama. Nikakata kijipande ncha ya chini kwa kisu changu, nikakibonyeza. Rangi ilikuwa nzuri. Ningeweza kuishia hapo, niwape ishara wapite, na huenda leo ningekuwa na la kujitetea. Lakini nikarudi mezani, nikachukua muhuri, nikauchovya kwenye wino, na kwa mkono huu wa kulia nikaupiga juu ya ule utepe wa nyama, ukiwa umelalia kifua chake. Wino ulikuwa mwingi. Ukapita pembeni ya nyama ukabaki kwenye ngozi yake, duara la zambarau juu ya ule mchubuko.

Umati ukalipuka kwa shangwe. Mtu akatoa simu akapiga picha. Shangazi akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kwa hivyo iko sawa, daktari? Ni safi?"

"Ni safi," nikasema.

Wakaanza kuimba tena, na mwimbishaji akaniingiza mimi kwenye wimbo, daktari wa mpakani aliyemfungulia njia kijana wetu. Nikacheza nao hatua mbili. Katika mambo yote niliyoyafanya siku ile, hizo hatua mbili ndizo zinazonifanya nifunge macho nikiwa peke yangu.

Yaliyofuata sikuyaona. Niliyasikia vipande vipande, na baadaye nikayasikia yote kutoka kwa mama yake.

Mvulana alisimama imara mbele ya kisu, hakupepesa. Siku za kwanza alikuwa sawa. Halafu pale kifuani, ndani ya lile duara la wino, kukatokea kipele kinachowasha, kikawa lengelenge, kikapasuka, na katikati pakawa peusi. Siku zile mtahiriwa haogi mwili mzima, kwa hiyo wino ulikuwa bado upo. Mama yake akaliona lile doa jeusi akaingiwa na wasiwasi. Shangazi akacheka wasiwasi wake. Ni wino, akasema. Daktari alimpiga muhuri, wino ya serikali haitokangi haraka, inakauka inakuwa nyeusi. Wakamuuliza mvulana kama panauma. Akasema hapaumi hata kidogo. Na ndivyo kimeta cha ngozi kilivyo, hakiumi. Mimi ninayejua hivyo nilikuwa Lwakhakha nikifunua maturubai.

Homa ilipokuja walisema ni ya kidonda cha tohara. Shingo ilipoanza kuvimba ndipo walipompakia kwenye gari mpaka Kimilili, na kutoka Kimilili akakimbizwa Bungoma. Alifariki siku ya tisa baada ya mimi kumgusa. Madaktari wakasema kimeta.

Mkubwa wangu alinipigia simu kutoka Bungoma. Alikuwa na haraka, nilisikia makaratasi.

"Kuna mtoto amekufa na kimeta. Wanasema alipita kwako na nyama. Uliiona?"

"Niliiona."

"Ilikuwa sawa?"

"Niliona iko sawa, bosi."

"Haya. Basi huenda aliipata kwingine. Chanjeni upande wetu wote wa mpaka."

Wenzangu wakaenda kuchanja ng'ombe. Hakuna aliyerudi kuniuliza. Maneno yangu ya uongo hayakuzidi matatu, na kila mmoja aliyeyasikia aliyaamini kwa sababu ya koti nililovaa.

Miezi michache baadaye niliomba uhamisho kurudi Kitale, nikasema mama yangu amezeeka anahitaji mtu. Mama yangu alikuwa mzima kabisa, analima viazi kuliko mimi. Alinitazama siku ya kwanza nikisugua vidole kwa limau na chumvi, akaniambia nitatoa ngozi na wino utabaki. Sikumwambia kitu. Usingizi wangu ulikuwa mzuri, cha ajabu. Kilichonisumbua kilikuja mchana kweupe. Nikisikia kengele ya mwuza aiskrimu barabarani nilisimama palepale nilipo, nikisubiri wimbo uanze.

Mwaka wa pili, tohara ikiwa imekaribia tena, mama wa mvulana alinitafuta. Alikwenda kwanza Lwakhakha, wakamwelekeza Kitale. Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya machinjio, mkoba mapajani, viatu vimejaa vumbi. Sikumjua. Siku ile ya daraja hakuwepo, mama hubaki nyumbani kumpokea mwanawe.

"Mulembe, daktari," akanisalimia, na akajieleza yeye ni nani. Nikakaa kwenye benchi kando yake.

Nilidhani amekuja kunilaani. Hakuja kwa hilo. Alitoa simu kwenye mkoba, akaipangusa kwa kanga, akanionyesha picha. Mwanawe, kidevu juu, nyama kifuani, na muhuri wangu unang'aa. Pembeni ya picha ulionekana mkono wangu.

"Hii picha iko kwa simu ya kila mtu kwetu," akasema. "Ndiyo wanatumia kumlaumu ndugu yangu, mjomba wake."

Akanieleza. Hospitali iliposema ugonjwa ulitoka kwa ng'ombe, ukoo wa mumewe ulikataa. Si nyama ilikaguliwa? Si daktari mwenyewe aliipiga muhuri, picha hii hapa? Serikali ikisema nyama ni safi, nyama ni safi. Basi kilichomuua mtoto si nyama. Ni mkono uliomvika. Mjomba alimroga mtoto wa dada yake. Na wiki ileile ng'ombe wawili wa mjomba walipoanguka wakafa, wakasema unaona, uchawi umemrudia. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo wao aliyevuka mto kwenda kwake, na mama mwenyewe alikatazwa. Walipomzika mvulana, mjomba alikuja akarudishwa langoni.

"Sasa mdogo wake anataka kutahiriwa Agosti hii," mama akaendelea. "Wamesema hawezi enda kwa ndugu yangu. Wamempatia mjomba mwingine wa kuazima, mtu wa Tongaren, ati ni wa ukoo wetu. Mtoto wangu avalishwe nyama na mtu hata hajui jina yake? Na ndugu yangu ako hai?" Akairudisha simu kwenye mkoba. "Mimi nataka kujua kitu moja tu. Uliona nini kwa hiyo nyama?"

Mle ndani walikuwa wanaangusha ng'ombe, nikasikia kishindo. Nikamwambia, "Sikuona kitu. Sikumwona ng'ombe, sikumwona akichinjwa. Muhuri ule sikustahili kuupiga."

Nilitaka anipige, kusema kweli. Nilikuwa tayari.

"Basi kuja uwaambie," akasema.

Kama ningeenda, kazi yangu ingeweza kuishia hapo, na huenda mahakamani pia. Kama nisingeenda, ndugu yake angebaki mchawi mpaka kufa. Nilifikiria siku nne. Naona aibu kwamba zilikuwa nne.

Nyumbani kwao ni upande wa Kimilili, mlima unaonekana nyuma ya migomba. Nilifika Jumapili baada ya kanisa. Wanaume walikuwa kwenye viti vya plastiki, wanawake wamekaa kando ya ukuta wa jikoni, na nililetewa chai na mkate kama mgeni wa heshima. Shangazi alinitambua mara moja, akanikumbatia, akawaambia wenzake huyu ndiye yule daktari wa wimbo. Nikaiweka chini ile chai.

Nilizungumza nimesimama. Niliwaambia sheria ya kazi yetu na jinsi nilivyoivunja. Niliwaambia kipande cha nyama peke yake hakisemi lolote, na kwamba nilipiga muhuri ili wasinicheke. Niliwaambia kimeta kilikuwa ndani ya yule ng'ombe kabla hakijaonekana kwa macho, kikamwingia mtoto kupitia mchubuko wa kifuani, na mjomba hangeweza kukijua, kwa sababu ng'ombe wake walianguka baadaye. Muhuri wangu haukuwa na maana yoyote.

Baba wa mvulana akauliza, "Kuna mtu alikuwa amekuambia kuhusu ng'ombe wanakufa huko?"

"Niliambiwa asubuhi ileile."

Akainuka kwenye kiti, akatembea mpaka kwenye migomba, akasimama huko ametupa mgongo. Hakuna aliyemfuata.

Shangazi alikuwa bado ameshika birika. "Lakini ulisema ni safi."

"Nilisema."

"Mimi ndio nilikuuliza. Nikakushika mkono."

"Ndiyo, mama. Uliniuliza."

Akaliweka birika chini, polepole, kama aliyebeba kitu kizito. Akatazama watu, mmoja mmoja, halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuitarajia kwake, "Mama yake alitaka tumpereke hospitari siku ya sita. Mimi ndio nilikataa. Nikasema ni wino."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuja kufanya. Nilifikiri ninakuja kumtoa mtu mmoja kwenye lawama. Sikujua kwamba kwa miaka miwili uchawi wa mjomba ulikuwa pia umemfunika huyu mwanamke, na kwamba nikiuondoa nitamwacha wazi. Alianza kulia bila kuficha uso. Aliyeinuka ni mama wa mvulana. Akavuka ule ua, akakaa chini kando yake, bega kwa bega. Hakunitazama.

Nikaondoka bila mtu kunisindikiza. Kesho yake nilimwandikia mkubwa wangu barua ya kurasa mbili. Nilisubiri kufukuzwa. Ilikuja barua ya onyo la mwisho, na nikaambiwa niendelee na kazi kwa sababu wakaguzi ni wachache. Niliisoma nikasikitika kidogo, maana nilikuwa nimeanza kuzoea wazo la kutokushika muhuri tena.

Agosti ilipofika, mama wa mvulana alinipigia simu. Baba alikuwa amekubali mdogo mtu aende kwa mjomba wake wa damu. Lakini ukoo ulikuwa na sharti. Nije mimi, nimwangalie ng'ombe akiwa hai.

Nilivuka daraja asubuhi kama mtu wa kawaida, na mwenzangu wa upande wa pili akanisindikiza, kwa kuwa huko mimi sina mamlaka. Mjomba anakaa kilima cha pili. Nilikuwa nimelijua hilo tangu mwanzo, nadhani. Ni mtu mrefu, mkimya, na mashavu yake yameingia ndani. Alinipa mkono, akasema, "Miaka miwili watu wanapita hapa hawanisalimii." Kisha akanionyesha zizi.

Nilimkagua yule ng'ombe kwa karibu saa nzima. Nikamtembeza, nikamtazama macho, fizi, pua, nikampima joto mara mbili. Niliuliza chanjo, nikaonyeshwa cheti. Alipochinjwa nilisubiri kando ya beseni mpaka damu ikaganda, maana ya kimeta haigandi. Nikaushika wengu, nikaukata, nikaugeuza, na hakuna aliyenitania. Mwenzangu naye akaangalia. Kisha nikamwambia mjomba, watu wote wakisikia, kwamba nimemwona mnyama huyu nje na ndani, na ni mzima.

Mjomba akakata utepe wa kidari. Mdogo mtu akasogezwa mbele, kifua wazi, shanga zilezile za kaka yake. Ana kidevu kilekile. Mjomba alipouinua utepe, mvulana hakuinamisha shingo. Alikuwa ananitazama mimi, mikono yangu.

"Huna ile kitu?" akauliza.

"Sina," nikamwambia. "Nimeiacha Kitale."

Nikamnyooshea mikono aone. Nilikuwa nimeisugua usiku uliopita kwa limau mpaka ikauma. Aliangalia vidole, kimoja kimoja, akafika kwenye kucha za mkono wa kulia. Pale chini ya kucha, penye wino wa kila siku usiotoka, palikuwa bado pa zambarau. Alirudi nyuma hatua moja, akaweka kiganja juu ya kifua chake, akakiacha hapo.

Mjomba akasubiri na nyama mikononi. Watu wakasubiri. Nikaelewa. Nikajifuta mikono kwenye koti, nikageuka, nikatembea nikapita wanawake, nikapita beseni la damu, mpaka nyuma ya zizi ambako mvulana hangeweza kuniona. Nikasimama huko na uso ukutani. Muda ukapita kidogo, halafu njuga zikaanza kulia, na ndivyo nilivyojua kwamba ameinamisha shingo.